Namna ya kutumia kitenzi contend

Mwanafunzi wa Unguja au Pemba anayeandika Kiingereza na atazame kwanza neno linalofuata contend, kwa kuwa mara nyingi ndilo linaloamua maana. Likifuata that, mtu anashikilia hoja ambayo wengine huenda wakaipinga. Kwa hiyo jambo lisilo na ubishi, kama vile Mapinduzi ya Zanzibar kutokea mwaka 1964, halifai kuelezwa kwa kitenzi hiki, na naomba sana walimu walisisitize hilo. Likifuata for, watu wanashindania kitu, kwa mfano kombe. Likifuata with, mara nyingi mtu anakabiliana na shida, na hapo hutanguliwa sana na have to: Clove farmers in Pemba have to contend with rain.