Mkono unaoshika saa usishike kadi ya benki: mwongozo kwa wasichana wa mbio, wa mitindo, na mama zao

Mwezi wa Januari mama mmoja aliingia dukani kwangu hapa Eldoret na binti yake wa miaka 16, aliyekuwa ameitwa kwenye kambi ya mazoezi ya mbio huko Iten. Walitaka suti mbili za michezo. Nilikuwa nimezungusha tepu kiunoni mwa binti simu yake ilipoita, ikakatika, ikaita tena, na tena. Mama akaniambia bila wasiwasi wowote, "Ni kocha wake huyo. Anapenda kujua yuko wapi na amevaa nini." Nikamwomba mama akae. Vipimo vilichukua dakika kumi, mazungumzo yakatufikisha jioni. Haya ninayoandika ni niliyowaambia siku ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka walipokwisha kuondoka.

Mimi si mwanariadha. Nilikimbia mita 3,000 shuleni, na nilipofika miaka 19, urefu sentimita 178, nikachukuliwa kwenda Nairobi kuwa mwanamitindo. Nilifanya kazi hiyo miaka saba, na msimu mmoja nikaenda Milan. Huko tulilala wasichana sita kwenye vyumba viwili, na kodi ya kila kitanda ikikatwa kwenye malipo ambayo hatukuwa tumeyaona bado. Kila Jumatatu tulipangwa ukutani tukapimwa nyonga. Nilipofika sentimita 91 niliambiwa nirudi na 88. Kijana niliyempenda ndiye pia aliyesimamia kazi zangu. Yeye ndiye aliyeshika kadi yangu ya benki na namba yake ya siri, na yeye ndiye aliyenichagulia nguo hata siku za mapumziko. Aliponipiga mara ya kwanza sikushangaa. Mwili wangu ulikuwa umeshazoea kuwa wa watu wengine.

Nilirudi nyumbani nikanunua cherehani. Nimekuwa nikiwashonea wanariadha tangu hapo, na nilichokiona kwenye mitindo nakiona kwenye mbio, tofauti ni viatu tu. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mwenye miaka 25, aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao huko Ujerumani, dakika 30 na sekunde 1. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Aprili 2022 Damaris Mutua, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Bahrain kwenye mbio, akakutwa ameuawa katika nyumba hukohuko Iten. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia maratoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake. Alikuwa ametoka kanisani na watoto wake. Alifariki siku nne baadaye hapa Eldoret.

Watu wakizungumzia vurugu za michezo hutaja mashabiki na mawe. Mimi nataja vyumba vya kulala.

Anza na karatasi ya daftari

Kabla binti hajaenda kambini, au hajatia sahihi kwa wakala wa mitindo, kaeni chini na karatasi. Andikeni kazi tano, moja kila mstari: anayemfundisha, anayemtafutia mbio au kazi, anayepokea pesa, anayempa mahali pa kulala, na anayempeleka hospitali. Mbele ya kila kazi andikeni jina la mtu. Jina moja likitokea mara mbili, ulizeni kwa nini. Likitokea mara tatu, binti asiende mpaka mambo yabadilike. Na yule mwenye jina hilo akiwa pia anamtaka binti kimapenzi, hapo hakuna tena la kujadili.

Karatasi hii naitaka kwa sababu mtego wenyewe hauonekani kama mtego. Msichana wa miaka 15 au 16 anashinda mbio za shule. Anatokea kijana mwenye maneno mazuri, anamnunulia viatu ambavyo baba hawezi kuvinunua, anakimbia mbele yake asubuhi kumpa kasi. Nyumbani wanamshukuru. Baada ya muda anaitwa kocha, kisha meneja, kisha mume, na kila cheo anachokiongeza kinamwondoa mtu mwingine aliyekuwa karibu na binti. Siku pesa zinapoanza kuingia, hakuna aliyebaki wa kumuuliza swali. Kwenye mitindo ni vivyo hivyo, ila kwetu viatu vilikuwa picha za bure.

Mama, nakuomba hili ulisikie vizuri: nchini Kenya mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono mbele ya sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inauita huo unajisi, hata binti akisema anampenda, na hata kama kijana huyo ndiye aliyemfikisha mashindano ya taifa.

Pesa

Hapa ndipo nitakaa zaidi, maana ndipo nilipopotelea mimi.

Pesa za mbio kubwa haziji siku ya mbio. Waandaaji husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa michezoni, kwa hiyo miezi hupita. Kwenye mitindo nako nilizoea kusubiri miezi mitatu. Katika kusubiri huko ndiko watu hujipenyeza: "Tumia akaunti yangu, ni ya dola tayari." Usikubali. Akaunti iwe kwa jina lako na iwe imefunguliwa kabla ya mbio ya kwanza ya nje, si baada yake. Ukifika miaka 18 na kitambulisho kimetoka, wiki hiyohiyo nenda benki mwenyewe. Kabla ya hapo mzazi afungue akaunti ya mtoto.

Ujumbe wa benki uje kwenye simu yako, na laini hiyo iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimekutana na mwanariadha aliyekuwa akitumia laini ya mumewe kwa miaka minne. Pesa zake zikiingia, mume ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Namba ya siri usimpe mtu, hata kwa dharura. Kwa dharura toa pesa wewe, umpe mtu noti mkononi. Mkifungua akaunti ya pamoja na mwenzi wako, iwekewe sharti kwamba pesa hazitoki bila sahihi zenu wote wawili.

Kisha mali. Ukinunua kiwanja, nenda ofisi ya ardhi uthibitishe rekodi mwenyewe, na jina kwenye hati miliki liwe lako, liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Risiti, mkataba wa kununua, na ushahidi wa kutuma pesa uzipige picha, umtumie mtu wa damu yako anayekaa mbali. Kama mmeoana, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaangalia mchango wa kila mmoja, kwa hiyo karatasi inayoonyesha ulichangia nini ina uzito mahakamani. Nyumba nyingi za wanariadha zilijengwa na pesa zilizotumwa kutoka Ulaya kwenda kwa mtu aliyekuwa amebaki nyumbani kusimamia mafundi, na hati ikaandikwa jina la msimamizi. Mwenye miguu iliyozileta anarudi akiwa mgeni.

Mkataba wa wakala au wa meneja usitie sahihi siku ulioletewa. Nenda nao nyumbani. Tafuta asilimia anayochukua, muda, na namna ya kutoka. New York sasa ina sheria ya wafanyakazi wa mitindo iliyoanza kutumika 2025, na wakala haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 20. Anayekuomba 40 hapa Nairobi ajue kwamba na wewe unajua hilo.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, ni daktari

Mwili usiokula vya kutosha huanza kuzima vitu kimoja kimoja, na kwa mwanamke hedhi ni moja ya vile vya mwanzo. Baada ya hapo mifupa inadhoofika, na msichana anapata ufa kwenye mguu kwa kukimbia tu, bila kuanguka. Kambini wengine huona kukosa hedhi kuwa dalili ya mazoezi mazuri. Hata sisi wanamitindo tuliambizana hivyo, nami niliamini. Mwaka 2006 wanamitindo wawili wa Amerika Kusini, Luisel Ramos wa Uruguay na Ana Carolina Reston wa Brazil, walikufa baada ya kujinyima chakula. Mwaka huohuo Madrid ikawazuia jukwaani wanamitindo wembamba kupita kiasi, na mwaka 2017 Ufaransa ikaanza kudai cheti cha daktari.

Kocha akitaka uzito wako, upime bila wenzako kukutazama, na kuwe na sababu inayoelezeka. Kupimwa mbele ya wenzako huku mkichekwa ni ukatili. Na usile kwa ruhusa ya mtu. Ugali, mboga, maharagwe, maziwa, mursik, yale maziwa yetu ya mgando, iliyotoka kwenye kibuyu cha bibi yako: hivyo ndivyo vilivyowalea mabingwa tunaowajua. Nilipokuwa Milan niliota mursik.

Nguo

Mimi napenda nguo, ndiyo kazi yangu, na siamini kwamba kaptula fupi inamletea mtu balaa. Anayeleta balaa ni yule anayedai kuamua. Mwaka 2021 wachezaji wa Norway wa mpira wa mikono wa ufukweni walipigwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa kaptula badala ya chupi ya kuogelea, wakati wanaume wao walivaa kaptula bila shida. Kelele zikapigwa na kanuni ikabadilishwa mwaka huohuo. Huko walilazimishwa wavue. Hapa kwetu nawashonea wanawake ambao waume zao wamewakataza kuvaa suruali ya kubana ya mazoezi, wakati ndiyo nguo ya kazi yao. Amri hizo mbili nazisikia kwa sauti moja. Mwanamume akianza kukuambia uvae nini, weka tarehe akilini. Kinachofuata mara nyingi ni simu yako, halafu marafiki zako.

Ukiona mambo yanageuka

Mwambie mtu mmoja leo, si baada ya mashindano. Chagua mtu asiyekula kutokana na mbio zako. Baada ya kifo cha Tirop wanariadha wenzake, wakiwemo Viola Cheptoo na Joan Chelimo, waliunda Tirop's Angels kwa ajili ya hali kama hizi, na hao wanaijua kambi kuliko ofisa yeyote. Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195, usiku na mchana. Ya watoto ni 116.

Mtu akikugusa kwa ubaya, nenda hospitali kwanza. Kama ni ubakaji, dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na usioge wala usifue nguo ulizovaa kabla hujapimwa. Polisi wakuandikie kwenye kitabu cha matukio wakupe namba ya OB, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Namba hiyo itume kwa watu watatu.

Lakini usiishie hapo. Babake Rebecca Cheptegei alisema hadharani kwamba walikuwa wameshapeleka malalamiko polisi zaidi ya mara moja. Kwa hiyo baada ya polisi nenda mahakamani ukaombe amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya kumsikiliza yule unayemlalamikia. Na wakati yote hayo yanaendelea, usilale kwenye nyumba ile. Najua ni nyumba yako, najua jasho lako liko kwenye kila tofali. Hati iko kwa jina lako, picha zake ziko kwa dada yako Kitale, kwa hiyo nyumba itakungoja. Usirudi peke yako kuchukua nguo. Usikubali kukutana "mara ya mwisho tuongee". Mimi nilikubali, na meno mawili ya mbele niliyo nayo leo ni ya daktari.

Mfuko

Kitu cha mwisho ni cha cherehani, na mama yeyote anaweza kukishona. Kwenye kila kaptula ninayowashonea wasichana natia mfuko wa ndani ambao hauonekani kwa nje. Kata kitambaa chembamba kinachovutika, sentimita 11 kwa 8. Kadi ya benki na kitambulisho vina ukubwa mmoja, upana usiofika sentimita 9 na kimo kisichofika 6, kwa hiyo vinaingia vyote viwili na nafasi ya pindo inabaki. Shona upande wa ndani wa mkanda wa kiuno, nyuma kidogo ya nyonga ya kushoto, pande tatu, kwa mshono wa zigizaga ili usikatike mwili ukivutika. Mdomo wa mfuko utazame juu, ufunikwe na mkanda wenyewe. Kabla ya kufunga pindo, andika ndani yake kwa kalamu isiyofutika namba mbili za simu: 1195 na ya nyumbani.

Binti wa Januari alirudi wiki iliyofuata kuchukua suti zake. Nikamwomba atoke nje akimbie hadi kwenye duka la mbolea na kurudi, kuona kama mfuko unacheza. Ulitulia. Akaniambia, "Anti, hata sikusikia kama kuna kitu." Mama yake akatoa kitambulisho chake mwenyewe kwenye mkoba, akakiangalia, akaniuliza kama naweza kumshonea na yeye kwenye sketi.