Mtaalamu akisema "una kinga", muulize kinga dhidi ya nini

Kipindi cha janga kama la Korona kila mtu anaongelea kinga, na wanaotoa kauli nzito nzito mara nyingi ni watu waliosoma kweli, kwa hiyo unaogopa kuuliza. Uliza tu. Kumuuliza mtaalamu sio kumkataa, na aliyeifanya kazi yake vizuri majibu anayo.

Swali la kwanza, na kwangu ndo kubwa kuliko yote: kinga dhidi ya nini? Kuambukizwa, kuumwa, kulazwa au kufa? Ni vitu vinne tofauti na kwenye TV vinatajwa kama kitu kimoja. Chukua ile asilimia 95 ya chanjo ya Pfizer ya Novemba 2020. Walichukua watu zaidi ya elfu 43, nusu wakachomwa chanjo, nusu maji ya chumvi, walipofika wagonjwa 170 wakahesabu, wakakuta 162 ni wa maji ya chumvi na 8 tu ni wa chanjo. Namba safi kabisa. Ila waliohesabiwa ni waliopata dalili wakapimwa wakakutwa na Korona, aliyeambukizwa bila dalili yoyote hayumo humo, na wengi walikuwa wamefuatiliwa kama miezi miwili hivi baada ya dozi ya pili. Sasa mtu akasikia asilimia 95 akaelewa "siambukizwi, siambukizi, milele", halafu Omicron, aina mpya ya kirusi cha Korona, ikaja mwisho wa 2021, waliochanjwa wakaambukizwa kwa wingi, wakasema tumedanganywa, wakati kinga ya kutolazwa na kutokufa ilikuwa bado imeshika vizuri kuliko ile ya kutoambukizwa. Kwa hiyo ukishauliza dhidi ya nini, malizia na mmefuatilia kwa muda gani, na kirusi ni kilekile mlichopima?

Ukisikia "hakuna ushahidi" hapo tulia kabisa. Maneno hayo yanaweza kuwa na maana kwamba tumetafuta sana hatujaona kitu, au kwamba bado hatujapata muda wa kutafuta, na hizo ni habari mbili zisizofanana hata kidogo. Tarehe 24 Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kwa sasa hakuna ushahidi kwamba aliyepona Korona na ana kingamwili (protini za kwenye damu zinazopambana na kirusi) amekingwa asiambukizwe tena, watu wakashtuka, kesho yake ikabidi shirika lifafanue kwamba linategemea wengi waliougua watapata kinga ya kiasi fulani. Ugonjwa ulikuwa na miezi michache tu duniani! Baadaye utafiti wa wafanyakazi wa afya Uingereza ukaonyesha waliokwishaugua walikuwa na hatari ya kuambukizwa tena iliyopungua kwa asilimia 83 hivi kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo muulize: mmetafuta, au bado?

Kingamwili nazo zinachanganya watu. Kupungua kwenye damu baada ya miezi ni kawaida ya mwili, haina maana kinga yote imeisha, maana kuna seli za kumbukumbu na seli T (seli za mwili zinazokikumbuka kirusi na kupambana nacho) ambazo kipimo cha kawaida cha kingamwili hakizioni. Ukiambiwa "zimeshuka", uliza na hizo seli je.

Halafu kinga ya jamii, yaani watu wengi wakiwa na kinga mpaka ugonjwa unakosa pa kusambaa. Hesabu yake ni nyepesi, mgonjwa mmoja akiambukiza wastani wa watu 3, inatakiwa wawili kati ya kila watatu wawe na kinga, akiambukiza 5 inapanda hadi asilimia 80. Tatizo ni yale yaliyofichwa ndani yake, kwamba kinga haipungui, kirusi hakibadiliki na watu wanachanganyikana sawasawa. Mji wa Manaus, Brazili, watafiti walikadiria kufikia Oktoba 2020 watu kama asilimia 76 walishaambukizwa, ukisoma unasema hawa wamemaliza, lakini Januari 2021 hospitali zilifurika hadi oksijeni ikaisha, watu wakafa wakikosa hewa. Inaniuma mpaka leo. Uliza hiyo asilimia imejengwa juu ya dhana gani, na nini kinatokea dhana moja ikianguka.

Namba ikibadilika usikimbilie kusema ni waongo, uliza imebadilishwa na nini. Desemba 2020 Anthony Fauci, wakati huo mkuu wa taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Marekani, aliliambia gazeti la New York Times kwamba alipandisha kiwango cha kinga ya jamii taratibu, kwa sababu ya sayansi mpya na pia kwa kuangalia kura za maoni kuona watu wako tayari kusikia nini. Hiyo sababu ya pili mimi siikubali, mwananchi apewe makadirio jinsi yalivyo.

Na maswali haya haya mpelekee yule wa kwenye klipu anayesema ukishaugua umekingwa maisha, chanjo haina kazi. Dhidi ya nini, kwa muda gani, umepima watu wangapi? Akibaki kusema "fanya utafiti wako mwenyewe", hiyo klipu usiisambaze.