Chanjo ya mahepe hairudiwi kwa kukisia

Ukimuuliza mfugaji wa Unguja au Pemba kama kuku wake wamechanjwa, atajibu bila kusita kuwa wamechanjwa. Ukimuuliza lini, ataanza kukumbuka arusi, msiba au mvua za masika, na hesabu ikifanywa mara nyingi huonekana kuwa miezi minane au zaidi imekwisha pita. Kuku huyo hahesabiwi tena kuwa amechanjwa. Kinga inayotokana na chanjo ya matone ya jicho dhidi ya mahepe, ugonjwa ambao Bara huitwa mdondo au kideri, hupungua baada ya miezi mitatu hadi minne, na kosa la kutoirudia kwa wakati ndilo linaloendelea kumaliza mabanda ya watu waliokwisha kutoa fedha zao wakachanja.

Wapo wanaochanja kila mwaka ukikaribia mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa kuku hupanda bei wakati wa Idi. Nia ni njema, lakini hiyo ni chanjo moja kwa mwaka, na kuku huishi sehemu kubwa ya mwaka bila kinga yoyote. Kwa anayehesabu kwa mwezi mwandamo, ratiba ni nyepesi: achanje Mfunguo Mosi, arudie Mfunguo Nne, arudie tena Mfunguo Saba, kisha Rajabu, ndipo aanze upya. Miezi mitatu ya mwandamo ni siku 88 au 89, nayo inatosha kabisa. Kwa anayefuata kalenda ya ukutani, achague tarehe moja, aiandike kwa kalamu mlangoni mwa banda, na aihesabu miezi mitatu mitatu kuanzia hapo. Asiseme atakumbuka.

Vifaranga wana hesabu yao. Huchanjwa wakiwa na umri wa siku 7, hurudiwa siku ya 21, kisha huingia katika mzunguko wa miezi mitatu pamoja na wakubwa. Hapa ndipo penye mwanya ambao wafugaji hawauoni: banda lote huchanjwa, wiki mbili baadaye koo anatotoa, na vifaranga hao hukaa hadi zamu ijayo kwa kudhaniwa kuwa wamo katika chanjo ya mama yao. Hawamo. Kuku aliyenunuliwa sokoni naye hamo, hata kama muuzaji ameapa. Atengwe wiki mbili, achanjwe humo humo alimotengwa, kwa sababu kinga huchukua kati ya wiki moja na mbili kujijenga. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekimbilia chupa ya chanjo siku anaposikia kuku wa jirani wanakufa amekwisha chelewa, na kuku aliyekwisha kuzubaa hachanjwi.

Kipimo ni tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo vilevile. Nimewaona watu wakimpa jogoo matone matatu kwa ukubwa wake na vifaranga wakigawiwa nusunusu kwa ncha ya unyoya. Yote mawili ni upotevu. Chupa ishikwe wima, mdomo ukielekea chini, kwa maana ikiinamishwa tone hubadilika ukubwa na hesabu ya dozi huharibika. Kuku alazwe ubavu, jicho lielekee juu, tone lidondoke lenyewe bila ncha ya chupa kugusa jicho, na asiachwe mpaka apepese na tone lizame. Likimwagika shavuni, halikuingia, rudia. Chanjo isiwekwe juani hata kwa dakika chache za kumkimbiza kuku, bali kuku wafungiwe tangu usiku na kazi ifanywe alfajiri kabla hawajafunguliwa.

Chupa ikifunguliwa imalizwe siku hiyo. Ninajua ugumu uliopo: chupa moja huchanja kuku mia au zaidi, nawe una kuku kumi na wawili, basi huona uchungu kumwaga na huirudisha katika friji, nyuma ya mtungi wa maji, ikingoja zamu ijayo. Ikifika zamu hiyo, unachotia jichoni ni maji. Dawa ya uchungu huo ni majirani: mwambieni sheha apange siku moja kwa mtaa mzima, gharama zigawanywe, na kuku wote wa mtaa wachanjwe asubuhi moja. Kwa kuku wanaozurura na kuchakura majaa yale yale, kuchanja banda moja na kuliacha la pili ni kazi nusu.

Chanjo ikishika, kuku wataendelea kula na kutaga kama kawaida.

Sasa ni kwa nini jambo hili la mahepe linaingia katika maandalizi dhidi ya ugonjwa wa mlipuko wa dunia? Mafua ya ndege, ambayo huweza kumpata binadamu na ndiyo yanayohofiwa kuleta mlipuko huo, ni ugonjwa mwingine, wenye virusi vingine, na chanjo ya mahepe haiukingi hata kidogo. Hata hivyo dalili zake hufanana mno na za mahepe: vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, upanga wa kichwani kugeuka rangi ya zambarau, kuharisha. Katika shehia ambayo kuku hufa kwa mahepe kila mwaka, hakuna atakayeshtuka mafua ya ndege yakiingia. Watu watasema ni mahepe tu. Penye chanjo iliyorudiwa kwa wakati, vifo vingi vya ghafla huwa ni habari inayostahili kupelekwa mbele siku hiyo hiyo. Hatari yenyewe haiko mbali: mnamo Januari 2017 Uganda iligundua mafua ya ndege kwa ndege wa mwituni kandokando ya Ziwa Viktoria, na ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hushuka katika fukwe zetu, ikiwamo Ghuba ya Chwaka. Huko Hong Kong mwaka 1997 virusi vya H5N1, aina mojawapo ya mafua ya ndege, viliwapata watu 18, wakafa 6.

Chanjo ya mafua ya ndege kwa ndege wafugwao ipo, nayo pia hurudiwa. Ufaransa, ilipoanza kuchanja bata wake Oktoba 2023, iliweka dozi zaidi ya moja. Lakini hilo ni la kuamuliwa na serikali, si la mfugaji kununua chupa isiyojulikana ilikotoka.

Ninalolikemea zaidi ni kisu. Kuku akianza kuzubaa, watu humuwahi asije akawa mzoga, akanyonyolewa na mama au mtoto kwa mikono mitupu, wengine wakapelekwa sokoni kabla ya adhuhuri. Kuku waliochanjwa wakifa kadhaa kwa siku moja au mbili, msichinje, msinyonyoe, msiuze, wala msitupe mizoga pwani. Wafunikeni, wazuieni watoto na paka, mjulisheni sheha na afisa mifugo ili sampuli ichukuliwe, na atakayeshikwa na homa na kikohozi baada ya kuwashika kuku hao amweleze daktari habari ya kuku kabla hajaulizwa.