Kuchagua bodi ya mikrokontrola kwa mradi wa kwanza wa vihisi

Wengi hununua bodi ya mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayosoma vihisi na kuwasha vifaa) kwanza, kisha ndipo huanza kutafuta cha kufanya nayo. Geuza utaratibu huo. Andika mambo manne kwenye karatasi: utapima nini, vipimo vitasomwa wapi, umeme utatoka wapi, na kama kuna kifaa cha kuwasha, mfano pampu au taa. Ukimaliza, orodha ya bodi zinazokufaa itakuwa fupi.

Swali la kwanza ni volti, na ndilo linalounguza bodi nyingi. Arduino Uno R3 hufanya kazi kwa volti 5. ESP32 na Raspberry Pi Pico hutumia volti 3.3, na pini zake, yaani miguu ya kuunganishia nyaya, hazikuundwa kupokea 5. Chukua kihisi cha umbali cha HC-SR04: kinataka volti 5, na pini yake ya Echo, inayotoa jibu la kipimo, hutoa volti 5 vilevile. Kwenye Uno unakiunganisha moja kwa moja. Kwenye ESP32 au Pico, pitisha Echo kwenye rezista (kipingamizi cha umeme) ya kiloomu 1 hadi pini ya bodi, kisha kutoka pini hiyohiyo weka rezista ya kiloomu 2 hadi GND (upande wa hasi wa umeme). Hapo bodi itapokea volti 3.3 hivi. Ukiruka hatua hii huenda kila kitu kikafanya kazi vizuri kwa muda, halafu pini ife bila dalili.

Kihisi cha BME280, kinachopima joto, unyevu na kanieneo ya hewa, kiko kinyume: chenyewe ni cha volti 3.3, kwa hiyo ukitaka kukitumia na Uno, nunua moduli yenye kibadilisha volti juu yake.

Kama vipimo vitasomwa kwenye simu au mtandaoni, chagua ESP32, au Pico W. Uno R3 haina Wi-Fi, na kuiongezea moduli ni kujitafutia kazi. Lakini ESP32 ya awali ina mtego wake: pini za analogi (zinazopima kiwango cha volti) za kundi liitwalo ADC2 hazisomeki Wi-Fi ikiwa imewashwa. Programu inasoma unyevu wa udongo bila shida, unaongeza mtandao, ghafla namba zinapotea. Anayeanza hudhani kihisi kimekufa. Tumia pini 32, 33, 34, 35, 36 na 39. Kumbuka 34 hadi 39 ni za kuingiza tu, haziwezi kuwasha hata taa ya LED.

Hesabu pia pini za analogi. Uno ina 6, Pico ina 3 tu. Vihisi vinne vya udongo tayari vimeishinda Pico. Kwa kihisi cha udongo chenyewe, chukua cha kapasitansi, ambacho vyuma vyake vimefunikwa visiguse udongo. Vile vya vyuma viwili vilivyo wazi huliwa na kutu.

Umeme wa betri unahitaji hesabu ndogo. Bodi inayokula miliampea 50 muda wote humaliza betri ya mAh 2,000 kwa takriban saa 40. Uno haifai hapa. ESP32 inaweza kulazwa usingizi mzito kati ya kipimo na kipimo, ila taa ya kuonyesha umeme na regyuleta (chipu za kudhibiti volti) za bodi huendelea kula, kwa hiyo usiamini namba ya chipu peke yake. Pampu nayo isiunganishwe kwenye pini kamwe: pini ya Uno ni ya miliampea 20. Weka transista au relei (swichi zinazoendeshwa na pini), na pampu ipate umeme wake. GND ziunganishwe pamoja, isipokuwa kwa relei iliyotengwa kabisa.

Kama hakuna mtandao wala betri, anza na Uno tu. Mifano yake ni mingi, na inavumilia makosa kuliko hizo nyingine.

Kabla ya kulipa, angalia kama bodi imechomelewa pini, maana Pico ya kawaida huja bila pini na utahitaji pasi ya kuchomelea. Bodi nyingi za ESP32 ni pana, zikikaa kwenye bredibodi moja (ubao wa matundu wa kuunganishia bila kuchomelea) hufunika matundu karibu yote; panga bredibodi mbili sambamba.

Ikishafika, pakia programu ya kuwasha na kuzima taa kabla ya kugusa kihisi chochote. Kompyuta isipoiona bodi, badilisha kebo kwanza, kwani kebo nyingi za USB ni za kuchaji tu na hazipitishi data. Bado haionekani? Soma maandishi kwenye chipu iliyo karibu na tundu la USB. Ikiwa ni CH340, huenda kompyuta inahitaji dereva yake, yaani programu ya kuitambua chipu hiyo.