Kabla ya Kuwaambia Wafanyakazi Wawe Waangalifu

Kubandika bango la "Usalama Kwanza" ni kazi ya dakika chache. Ukitaka watu wafanye kazi kwa usalama hata msimamizi akiwa hayupo, yapo mambo ya kuweka sawa kabla hujawaita kwenye kikao, na mengi ni wajibu wa mwenye kazi kuliko wa mfanyakazi.

Anza kwa kuzunguka eneo la kazi wakati kazi imepamba moto, si siku ambayo pamefagiliwa kwa ajili ya mgeni. Tazama watu wanafanyaje hasa, kisha uliza kwa nini, bila kutafuta wa kumlaumu. Tuseme umekuta grainda, mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma, imeng'olewa kinga. Ni rahisi kusema fundi huyu mzembe. Ukimuuliza kwa upole, huenda akakuambia kwamba diski ndogo zimekwisha stoo tangu juzi, akaamua kufunga kubwa, nayo haiingii mpaka kinga itolewe. Hatari yake ni hii: grainda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali diski ya milimita 230 kwa kawaida imetengenezwa kuhimili takriban mara 6,600. Diski hiyo inaweza kupasuka na vipande vikamrukia usoni, na kinga ambayo ingevizuia iko chini ya meza. Mfundishe hesabu hiyo, ndiyo, lakini kwanza mletee diski. Na ajue kwamba akisema "nasubiri mpaka zifike" hatakaripiwa na mtu.

Ndiyo maana nasisitiza stoo ikaguliwe kabla ya tabia za watu. Je, glavu na buti zipo za saizi ya kila mmoja, wanawake wakiwemo? Vichujio vya barakoa za vumbi vinabadilishwa? Miwani iliyochubuka mpaka mtu haoni mbele itaishia juu ya kofia, na hutaweza kumlaumu aliyeivua. Angalia pia kama kifaa kinafaa kazi yenyewe, kwani glavu hizohizo zinazookoa vidole wakati wa kubeba mabati zinaweza kunaswa na mashine ya kutoboa na kuvuta mkono mzima. Gharama zisimwangukie mfanyakazi. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini hazipaswi kumgharimu mfanyakazi chochote.

Mkataba huohuo unamlinda mtu anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba maisha au afya yake iko katika hatari kubwa iliyo karibu. Hapa ndipo mtazamo wa watu unapojengeka au kubomoka, kwa hiyo amua mapema siku hiyo itakwendaje. Atakayesimamisha kazi amjulishe nani? Nani ana mamlaka ya kuruhusu iendelee? Na kibarua anayelipwa kwa siku, akisimama saa tatu kwa sababu jukwaa linayumba, atalipwa? Kama jibu ni hapana, usitegemee asimame. Ana watoto wa kulisha.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi zawadi zinazotolewa kwa kikosi kilichomaliza mwezi bila ajali. Aliyekatwa kidole ataficha jeraha asiwaharibie wenzake, na wewe utabaki na takwimu nzuri na jeraha linalooza. Ukitaka kumpongeza mtu, mpongeze aliyetoa taarifa ya nyundo iliyoanguka kutoka juu ikakosa kichwa cha mtu kidogo tu. Matukio kama hayo ndiyo onyo la bure. Andaa njia fupi ya kuyaripoti, hata kwa mdomo, na mtu mmoja wa kurudisha jibu ndani ya siku chache: tumefunga wavu, au bado tunatafuta kamba za kufungia zana. Taarifa tatu zikipokelewa kimya, ya nne haiji.

Makabidhiano ya zamu yanahitaji maandalizi yake. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye mtambo wa mafuta wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imetolewa vali ya usalama kwa matengenezo yaliyofanyika mchana. Wa zamu ya usiku hawakujua. Pampu ya pili ilipogoma wakawasha ile ya kwanza, gesi ikavuja na kulipuka, watu 167 wakafa. Hakuna aliyekusudia kukiuka utaratibu. Habari ilikwama kati ya zamu mbili. Weka muda wa kukabidhiana, watu wakiwa wamesimama mbele ya mashine yenyewe, na mashine inayotengenezwa ifungwe kufuli kwenye swichi, ufunguo akae nao anayeitengeneza.

Mengine ni ya kukagua tu na kusonga mbele: njia za kutokea ziwe wazi, mitungi ya kuzimia moto isiwe imepitwa na tarehe, ngazi ya kuegemeza iwekwe mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kimo. Kelele ikikaribia desibeli 85 kwa siku nzima ya kazi, masikio yanahitaji kinga.

Wasimamizi waambiwe kabla ya wengine. Bosi akipita karakana bila kofia "kwa dakika moja tu", mafundi wote wameona.

Mgeni kazini asipewe makaratasi asaini halafu aachwe. Mfundishe kwa lugha anayoielewa, mpange na mkongwe anayefuata taratibu, tena umwambie waziwazi kwamba kuuliza hakumpunguzii heshima. Kabla ya kumwachia mashine, yeye mwenyewe akuoneshe swichi ya dharura ilipo, anavyoizima, na nani wa kumwita mambo yakiharibika.