Namna ya Kuandaa Jioni ya Mazungumzo katika Klabu ya Wapanda Milima: Uzoefu kutoka Goma

Kwa miaka kadhaa sasa, kazi yangu katika klabu yetu ya wapanda milima hapa Goma imekuwa kuandaa mazungumzo ya jioni. Wenzangu hushughulikia safari zenyewe. Mimi hushughulikia yale yanayofanyika kabla na baada yake, watu wakiwa wameketi. Katika mji wetu kazi hii si ya pembeni. Kuna vipindi virefu ambapo njia za Hifadhi ya Virunga hufungwa, mara kwa sababu ya volkano, mara kwa sababu ya vita, na katika vipindi hivyo klabu isiyo na mazungumzo husambaratika kwa kuwa wanachama hawana tena sababu ya kuonana. Klabu yenye mazungumzo hubaki hai, na siku njia zinapofunguliwa watu wake huondoka wakijua wanakanyaga nini. Ninawaandikia wale wanaotaka kuanzisha jambo hili, wawe hapa mjini au Bukavu, na nitaeleza kwa mpangilio ule ule ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Tafuta swali, usitafute mada

Mada kama "volkano zetu" ni pana mno. Mzungumzaji hupotea ndani yake na wasikilizaji hupotea pamoja naye. Mimi huanza na swali ambalo mtu atakutana nalo njiani. Badala ya kutangaza mazungumzo juu ya hali ya hewa ya milimani, ninauliza: kwa nini mtu aliyetokwa na jasho pale Kibati, njia ya kupanda inapoanzia, hutetemeka kwa baridi akifika ukingoni mwa kreta, yaani shimo la kileleni, ya volkano ya Nyiragongo? Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima kiko mita 3,470. Tofauti ni mita 2,010, na joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi anayeacha nyuzi 24 mjini atakuta nyuzi 12 hivi huko juu, hata kabla ya kuhesabu upepo na usiku, na fulana iliyolowa jasho itamnyang'anya joto alilobaki nalo. Msikilizaji anaondoka akijua kwamba fulana kavu ya pili si mzigo wa bure.

Nikishindwa kusema kwa sentensi moja kile ambacho msikilizaji atakifanya kwa namna nyingine siku ya safari, ninajua kwamba swali halijaiva, na ninaliahirisha.

Hatua ya pili: Mtafute mzungumzaji na umtembelee kwake

Wazungumzaji wetu ni wa aina tatu. Kuna wataalamu, kama watafiti wa Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma ambacho sote tunakiita OVG. Kuna waongozaji na walinzi wa hifadhi, ambao wanaijua njia kwa miguu. Na kuna mashahidi, yaani wakazi wa kawaida ambao wameishi jambo lenyewe. Aina hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Mtaalamu mwombe dakika arobaini, zisizidi, na umwombe azungumze Kiswahili hata kama amezoea kufundisha kwa Kifaransa. Wengi husita wakidhani maneno hayatatosha. Huwa ninawakumbusha kwamba neno "mazuku", linalotaja mifuko ya gesi inayoua katika mabonde yetu, lilitoka vinywani mwa wakazi wa huku, na leo wanasayansi wa volkano duniani wanalitumia hivyo hivyo lilivyo. Kaa naye nusu saa kabla ya siku yenyewe, mpitie maneno magumu mkikubaliana namna ya kuyaeleza, na hofu yake itaisha.

Shahidi anahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Jioni iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja mzee ambaye mtaa wake ulipitiwa na lava tarehe 17 Januari 2002. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza sikumuuliza lolote kuhusu siku hiyo. Nilijieleza, nikanywa chai yake, nikaondoka. Mara ya pili nilimuuliza swali moja tu: "Mama, ni jambo gani usingependa tuliguse?" Alinitajia, nami nikawaomba wanachama wote waliheshimu. Siku ilipofika sikumsimamisha mbele ya watu kama mwalimu. Nilimweka kwenye kiti chenye mto, nikaketi ubavuni mwake, nikatandika ramani kubwa ya mji mezani. Alitafuta kwa kidole mahali nyumba yake ilipokuwa, akakiacha kidole hapo, kisha akaanza kusimulia jinsi walivyorudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, wakipita juu ya mwamba ambao ndani yake bado kulikuwa na moto, soli za viatu vya plastiki zikilainika miguuni. Chumba kizima kilikuwa kimya. Vijana wengi waliokuwepo walikuwa hawajazaliwa mwaka huo, na kila siku wanakanyaga lava ile wakienda sokoni. Jumapili iliyofuata tuliufuata mkondo ule kwa miguu kuelekea ziwani, na sikuhitaji kueleza chochote.

Ukimwalika shahidi, usimsukume aseme alichopoteza. Akitaka kulisema, atalisema.

Hatua ya tatu: Panga saa na mahali

Goma iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Ninaposema jioni, basi, simaanishi usiku. Tunaanza saa kumi na tunamaliza kabla ya giza, kwa sababu mwanachama anayeishi mbali hapaswi kuchagua kati ya kusikiliza hadi mwisho na kufika nyumbani salama. Katika mwaliko andika saa kwa namna zote mbili, yaani saa kumi jioni na 16:00, kwa kuwa mji wetu unahesabu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa kwa pamoja, na nimewahi kupokea wageni waliotangulia kwa muda wa saa sita nzima.

Kuhusu mahali, angalia juu kwanza. Ukumbi wenye mabati yasiyo na dari haufai kati ya Septemba na Mei, kwa maana mvua ya alasiri ikianguka hakuna sauti ya binadamu itakayosikika chini yake. Ukumbi mdogo wenye dari ni bora kuliko ukumbi mkubwa usio nayo. Viti vipange kwa nusu duara.

Hatua ya nne: Andaa jioni ambayo haihitaji umeme

Mwanzoni nilikosea. Nilimwalika msafiri mmoja aliyekuwa na picha zaidi ya mia moja za safari zake, nikakodi projekta, nikaamini kazi imekwisha. Umeme ulikatika kwenye picha ya thelathini. Tulisubiri gizani karibu saa nzima, kisha watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa kuona haya, na miongoni mwao walikuwemo wapya wawili ambao sikuwaona tena. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba picha haziruhusiwi kuzidi ishirini, na kwamba mzungumzaji lazima aweze kuendelea bila hata moja.

Kinachochukua nafasi ya picha ni vitu vya kushika. Vipande viwili vya lava, kimoja chenye matundu mengi na kingine kizito kisicho na matundu, vikizungushwa mkono kwa mkono, vinaeleza habari ya gesi iliyokuwa ndani ya moto kuliko mchoro wowote. Lakini kielelezo ninachokipenda kuliko vyote ni cha mazuku, nami nitakieleza kwa ukamilifu ili nawe ukifanye.

Chukua beseni refu la plastiki linaloonyesha ndani. Weka ndani yake mishumaa mitatu ya urefu tofauti, na ule mfupi uuweke juu ya jiwe ili utambi wake uwe vidole vinne juu ya sakafu ya beseni. Bila hivyo povu litaulowesha na watu watadhani umezimwa na maji. Mshumaa mrefu utambi wake uwe karibu na ukingo. Nyunyiza vijiko vitatu vikubwa vya bikarbonati, yaani soda ya kuokea, kuzunguka jiwe, washa mishumaa, funga madirisha yanayoleta upepo, kisha mimina siki taratibu ukiipitisha kwenye ukuta wa beseni, na usiimwage katikati. Povu litafura na kutulia. Subiri. Mshumaa mfupi utayumba na kuzimika bila kuguswa na kitu chochote kinachoonekana, na ukiongeza siki na bikarbonati kidogo, wa kati utaufuata, huku ule mrefu ukiendelea kuwaka kama kwamba hakuna lililotokea.

Hapo ndipo mzungumzaji anaeleza kwamba gesi iliyotoka ni kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa takribani mara moja na nusu, na kwamba gesi hiyo hiyo hutoka ardhini upande wa magharibi wa mji, kuelekea mtaa wa Mugunga na ziwa dogo la Lac Vert, ikajikusanya mabondeni nyakati zisizo na upepo, hasa usiku na alfajiri. Mtu mzima aliyesimama ni mshumaa mrefu. Mtoto, mbwa, na msafiri aliyelala kupumzika katika bonde ni ule mfupi. Nimeona wazazi wakimvuta mtoto karibu nao wakati huo bila kujua kwamba wanafanya hivyo. Baada ya jioni ile hakuna mwanachama wetu anayeweka mkeka kwenye shimo ili kukwepa upepo. Anatafuta mahali pa juu, na akiona panya au ndege wamekufa katika bonde anageuka na kuwaambia wengine.

Hatua ya tano: Linda muda wa maswali

Gawa vipande vya karatasi mlangoni, kila mtu aandike swali lake wakati wa mazungumzo, na msomaji mmoja ayasome kwa sauti. Sababu yake ni ya heshima. Penye wazee, vijana wetu hawapendi kuonekana wanamhoji mtu mzima, na wanawake wengi huacha swali zuri liwapite kwa sababu wanaume watatu wamekwisha kusimama. Karatasi huwapa wote nafasi sawa. Mzee anayetaka kuzungumza kwa mdomo apewe nafasi hiyo mwishoni, na asikatizwe. Ila msimamizi amjulishe mapema muda uliobaki.

Swali lisilojibika liandikwe daftarini na lifuatiliwe. Mzungumzaji anayesema "sijui" apongezwe.

Hatua ya sita: Chai iwe baada, na iwe ya kutosha

Sisi tunaweka chakula mwisho, kwa sababu sahani zikitangulia hakuna atakayesikiliza. Chai ya maziwa, mandazi, ndizi za kuchoma, na sambaza (samaki wadogo) za kukaanga zinapopatikana ziwani kwa bei nzuri, haya yanatosha. Mchango wa kila mtu uwe mdogo na ujulikane siku kadhaa kabla, na mweka hazina asiutaje mbele ya watu kwa jina la asiyekuwa nao. Pombe hatuweki. Wengine watapinga, nami ninawaelewa, lakini mazungumzo haya ndiyo mahali ambapo wazazi huwaruhusu vijana wao kuja, na sitaki kuipoteza ruhusa hiyo.

Kila mgeni mpya akabidhiwe kwa mwenyeji mmoja ambaye atanywa naye chai na kumuuliza ametembea wapi. Usimwache ajitafutie mtu wa kuzungumza naye. Mgeni aliyeshika kikombe peke yake ukutani kwa dakika kumi ameshaamua kwamba hatarudi.

Hatua ya saba: Tangaza safari, wasindikize watu, andika daftari

Kabla watu hawajasimama, kiongozi wa safari atangaze matembezi yanayofuata: mahali pa kukutania, saa, kiasi cha maji, na jambo moja kutoka kwenye mazungumzo ya siku hiyo ambalo litaangaliwa njiani. Kama njia ya kawaida imefungwa, itangazwe nyingine fupi, hata kama ni kupanda Mlima Goma na kurudi.

Kisha wagawe watu kwa mitaa yao. Wa Himbi na Keshero waondoke pamoja, wa Majengo pamoja, wa Ndosho pamoja, na kila kundi liwe na mtu mmoja atakayetuma ujumbe wote wakishafika. Motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, waitwe wale mnaowafahamu. Mimi siondoki ukumbini kabla ya kupokea ujumbe wa kundi la mwisho, na muda huo wa kusubiri ndio ninaoutumia kuandika daftari: swali la jioni, mzungumzaji, waliohudhuria, maswali yaliyobaki bila jibu, na kitu kimoja ambacho nitakibadilisha mara ijayo. Katika ukurasa wa jioni ya mishumaa niliandika kwamba beseni lilikuwa fupi mno kwa waliokaa nyuma. Mara iliyofuata nililiweka juu ya meza mbili zilizopandishwa, na watoto waliokaa sakafuni wakaliona pia.