Umekabidhiwa mhadhiri mpya: namna ya kumlea mwaka wake wa kwanza

Mkuu wa idara akikuita na kukwambia "huyu atakuwa chini yako," ujue kwamba barua aliyoshika huyo kijana imetaja cheo, mshahara na kozi atakazofundisha, basi. Katika vyuo vikuu vyetu vya Tanzania mkufunzi msaidizi, au TA kama tulivyozoea kumwita, huajiriwa kwa sababu shahada yake ya kwanza ina GPA, yaani wastani wa alama zake zote, isiyopungua 3.8 kati ya 5. Hiyo inathibitisha kwamba anajua kusoma na kufaulu. Kusimama mbele ya darasa la mwaka wa kwanza lililojaa hadi mlangoni, kutunga mtihani, kumkatalia mwanafunzi anayelilia alama: hayo hakuulizwa na mtu, na ndiyo yanayomsubiri Jumatatu.

Nafundisha sayansi ya udongo hapa Morogoro na nimelea vijana kadhaa idarani. Kwa maoni yangu, mlezi asiyeingia darasani kwa anayemlea, na asiyemlindia muda wake, ni jina tu kwenye fomu.

Anza kabla muhula haujafunguliwa. Mpe kozi nzima mkononi: muhtasari wa kozi, slaidi, mitihani ya miaka iliyopita pamoja na miongozo yake ya usahihishaji, maelekezo ya mazoezi ya maabara. Wapo wenzetu wanaoficha slaidi zao kama hati ya kiwanja. Kijana akianza na karatasi tupu atakesha kutayarisha kile ambacho kipo tayari kwenye kompyuta yako. Kisha mtembeze. Mtambulishe kwa fundi wa maabara, kwani ndiye anayejua kipimo kipi cha pH kinadanganya na kemikali ipi imekwisha. Mtambulishe kwa katibu muhtasari wa idara na kwa anayepanga ratiba na vyumba. Mengi yatakayomsumbua mwezi wa kwanza hutatuliwa na watu hawa kabla hayajafika kwa profesa yeyote.

Halafu ingia darasani kwake. Mwombe, mkubaliane siku, umweleze utakachoangalia. Kaa nyuma kabisa, kule wanakokaa wanaochaji simu. Chukua daftari na uandike kinachotokea na saa kilipotokea. "Umefundisha vizuri" haimsaidii mtu. Kipindi kimoja cha binti aliyekuwa akieleza uwezo wa udongo kushika virutubisho nilikiandika hivi:

"2:10, ameanza, maiki haifanyi kazi, safu za nyuma hawasikii. 2:24, ameuliza swali, amelijibu mwenyewe. 2:31, ameuliza tena, amejibu tena. 2:40, ameeleza kwa Kiswahili kwa nini mfinyanzi unashika kalsiamu kuliko kichanga. Vichwa vimeinuka, wanaandika."

Baada ya kipindi tulikwenda kunywa chai. Akaniuliza, "Dokta, nimeharibu wapi?" Nikamjibu, "Mdogo wangu, hebu nieleze kwanza wewe umeona nini." Alipomaliza nikampa daftari asome mwenyewe. Tulichokifanyia kazi ni lile swali la 2:24. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na huwa na hoja. Kwetu subira hiyo inahitajika zaidi. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anatafuta jibu, na papo hapo anatafuta Kiingereza cha kulisemea. Tukakubaliana: uliza, hesabu kimoyomoyo moja mpaka tano, waache wajadiliane na jirani kwa lugha wanayoitaka, kisha mchague mtu wa nyuma.

Jambo moja kwa kipindi kimoja linatosha. Ukimrundikia kasoro kumi siku hiyo hatarekebisha hata moja. Na wiki inayofuata mwalike yeye akae nyuma ya darasa lako, daftari mkononi.

Kwenye usahihishaji, toeni nakala za karatasi kumi za jaribio la kwanza, kila mmoja asahihishe peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana sana kwenye swali fulani, mara nyingi tatizo liko kwenye mwongozo wa usahihishaji, na huo ndio wakati wa kuurekebisha, kabla alama hazijabandikwa. Msisubiri mtahini wa nje aje kuligundua.

Kuna jambo tunaloona haya kulisema, nalo lisemwe wiki ya kwanza. TA ana umri sawa na wanafunzi wake. Baadhi yao walikuwa naye hosteli mwaka jana na bado wako naye kwenye makundi ya WhatsApp. Mwelekeze waziwazi: mawasiliano ya darasa yapitie kwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, mwanafunzi akija ofisini mlango ubaki wazi, habari za alama zisizungumzwe kwa simu usiku, malalamiko ya matokeo yaje kwa maandishi kupitia idara. Mweleze pia kwamba kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinafanya kudai ngono kwa kutumia mamlaka kuwa kosa la jinai. Na akiwa binti, mwambie kwa kinywa chako kwamba mkubwa yeyote wa hapo kazini akimsumbua, aje kwako, nawe utakwenda naye kuripoti. Usidhani analijua hilo. Kijana mgeni huona wakubwa wote ni kundi moja.

Sasa muda wake. TA anatakiwa apate shahada ya umahiri ili awe mhadhiri msaidizi, na mhadhiri msaidizi hapandi kuwa mhadhiri bila uzamivu. Lakini idarani, kazi zote zisizo na mwenyewe humwangukia mdogo: kamati ya mahafali, mihtasari ya vikao, kusimamia mitihani ya wengine, kuingiza alama za kozi ambazo hata hafundishi. Yeye hawezi kukataa. Wewe unaweza. Kikaoni sema: "Huyu ana kozi mbili na andiko la utafiti, kamati hii tumpe mwingine." Mtengeeni siku moja ya wiki isiyo na kipindi, iandikwe kwenye ratiba, na Ijumaa akuonyeshe kurasa alizoandika, hata zikiwa mbovu.

Atakapoanza kuchapisha, barua pepe za kumsifu zitamiminika, zikimwahidi makala yake kutoka ndani ya wiki moja kwa malipo. Kaeni pamoja mbele ya kompyuta umwonyeshe namna ya kulichunguza jarida: nani wahariri wake, makala zake za nyuma zikoje, kama limeorodheshwa kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au African Journals Online. Mkutubi wa chuo anasaidia sana hapa.

Jina lako liingie kwenye makala yake pale tu ulipofanya kazi. Kama umesoma rasimu na kutoa maoni, shukrani mwishoni zinatosha, na ushauri huo ni sehemu ya ajira yako. Kama utafiti ni wenu wote, mkubaliane mpangilio wa majina kabla sampuli ya kwanza haijachimbwa, muandikiane kwa barua pepe, na aliyebeba kazi atangulie.